Elfu kumi ya meza, watu watano: pesa inavujia wapi?

SWALI

Dada mshauri, salaam.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 11, 7 na miwili na nusu. Tunaishi Mbagala, nyumba ya kupanga, vyumba viwili. Mume wangu ni dereva wa bodaboda na kila asubuhi ananiachia elfu kumi ya meza. Siku ikiwa mbaya ananiachia saba. Sina friji, napikia mkaa.

Elfu kumi inakwenda hivi, sijaficha kitu. Maandazi kumi ya mia mbili mbili, 2,000. Sukari robo, 800. Sembe kilo moja, 1,600. Mchele nusu, 1,500. Mafuta ya kupima, vipimo viwili vya mia nne, 800 (niliwahi kupima kwa chupa ya maji ya nusu lita, vikaingia vipimo kumi, duka hilohilo lita nzima ni 6,000). Nyanya na vitunguu 700. Mchicha au matembele mafungu mawili, 600. Mkaa 1,500. Inabaki mia tano ya fungu la dagaa, ila mara nyingi inaishia kwenye majani ya chai, chumvi na kiberiti. Jumapili nanunua nyama robo kwa 3,000, na siku hiyo lazima nikope kitu dukani.

Watoto wanashiba ugali lakini saa kumi wanalia njaa. Huyu mdogo kliniki wamesema uzito haujapanda miezi miwili na damu iko chini kidogo. Wamempa dawa, wakaniambia nimpe mlo kamili. Ile picha ya mlo kamili ukutani ina samaki mzima, maziwa na parachichi! Jirani ananishauri ninunue kwa jumla, anasema mahindi kilo ni 1,000 na kusaga mia. Lakini pesa ya siku inaisha siku ileile, ya jumla niitoe wapi? Wanangu dona hawaitaki. Maharage baba yao hataki kuyaona zaidi ya mara mbili kwa wiki, tena yanamaliza mkaa. Nifanyeje?

Mama wa Watatu, Mbagala

JIBU

Mama wa Watatu, umeandika bei moja moja na hilo limerahisisha kazi. Wengi wakiandika husema tu "pesa haitoshi", na hapo hakuna wa kuwasaidia.

Jirani yako yuko sahihi kuhusu jumla, ila ameanzia katikati ya njia. Mtu wa pesa ya siku hawezi kuamka akanunua gunia. Anachoweza ni kuziba tundu moja lisilohitaji mtaji, kile kinachookolewa kikanunua kitu cha kwanza kwa wingi, na hicho nacho kikazaa cha pili. Mpangilio ndio wenye kazi kubwa hapa. Ukianza na mafuta, kwa mfano, utaokoa mia mbili kwa siku na utachoka kabla hujaona faida.

Tundu lako kubwa ni chai ya asubuhi. Maandazi na sukari ni 2,800, zaidi ya robo ya pesa yote ya siku, na mnachopata ni unga mweupe wa ngano, mafuta ya kukaangia na sukari. Ndiyo maana tumbo linakuwa tupu mapema. Sukari yenyewe, robo kwa watu watano, ni gramu 50 kila mtu kwa siku, na katika hao watano mmoja ana miaka miwili na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isifike hapo, na ikiwezekana mtu mzima aishie gramu 25, yaani vijiko sita vya chai.

Usijaribu kukaanga maandazi mwenyewe ili kuokoa. Ukihesabu ngano, hamira, sukari, mafuta yanayonywewa na mkaa, unachookoa kwa andazi moja ni kidogo, nawe utakuwa umeamka saa kumi alfajiri kwa chakula kilekile. Badilisha chenyewe.

Asubuhi yenu iwe uji na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha. Kwa watu watano: unga gramu 200 (kikombe cha chai kimoja na nusu hivi), maji lita mbili, karanga zilizokaangwa na kupondwa gramu 80. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka huku unakoroga, uache uchemke polepole dakika 15 hadi 20, karanga zitie dakika tano za mwisho. Uji wa dakika tano ni unga mbichi, na ndio unaoleta gesi tumboni. Karanga zinaleta mafuta na protini, na njaa inachelewa. Chagua zilizo nzima. Iliyosinyaa, yenye ukungu au ladha chungu itupe, kwa sababu karanga na mahindi ndiyo makao ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, na sumukuvu haifi kwa kukaanga wala kwa kuchemsha.

Hesabu yake: unga, hata wa sembe yako ya sasa, 320. Karanga 400 zikiwa 5,000 kilo. Sukari gramu 100 kwa siku nzima, uji na chai ya jioni pamoja, 320. Fungu la viazi vitamu au mihogo 800. Jumla 1,840. Umeokoa 960 kila siku, na kwa wiki ni 6,720. Bei ya karanga na viazi ikiwa tofauti kwenu, weka ya kwenu.

Nikiwa hapo kwenye uji: usivutwe na ule unga wa lishe wenye mahindi, mtama, uwele, ulezi, ngano, mchele, soya na maharage kwa pamoja. Nafaka sita hazifanyi kazi sita, zote ni kundi moja. Soya na maharage yakisagwa mabichi yanahitaji moto mrefu kuliko unga wa nafaka, kwa hiyo uji unaonekana umeiva wakati yenyewe hayajaiva, na mtoto anaharisha. Karanga zikisagwa humo unga unachacha na kunusa vibaya ndani ya wiki chache. Nafaka moja, na karanga zipondwe siku ya kupika. Inatosha.

Ile 960 iweke kwenye kibubu kila asubuhi kabla hujatoka kwenda gengeni, isisubiri jioni. Pesa inayosubiri jioni hupata kazi nyingine.

Wiki ikiisha una 6,720. Nunua mahindi kilo sita kwa 6,000, saga kwa 600. Kwa matumizi ya kilo moja na gramu 200 kwa siku, ugali na uji pamoja, una unga wa siku tano. Ndani ya siku hizo tano hugusi ile 1,600 ya sembe wala 320 ya unga wa uji, jumla 9,600. Humo rudisha 6,600 kwenye kibubu ziwe mtaji wa mahindi yajayo. Mtaji huu hauliwi, hata siku ya elfu saba. Inabaki 3,000 ya faida, yaani 600 kwa siku.

Kabla ya kusaga, mwaga mahindi kwenye ungo na uyachague: yaliyovunjika, yenye ukungu wa kijani au mweusi, yaliyotobolewa na wadudu yatoke yote, hata kwa kuku usiyape. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo hili si jambo la kukwepa kwa haraka ya foleni mashineni. Mahindi yenye unyevu usiyanunue. Ukiuma punje, iliyokauka inavunjika kwa mlio, yenye maji inabonyea. Ukitoka mashineni unga ni wa moto. Uache upoe ukiwa wazi kwenye beseni safi kabla ya kuufunika, la sivyo mvuke unageuka maji na unga unaota ukungu. Dona ina kiini cha punje, na kiini kina mafuta, ndiyo maana haikai muda mrefu kama sembe. Kwako si tatizo, inaisha kwa siku tano.

Kuhusu watoto kuikataa: sembe na dona hazipikwi kwa namna moja, na wengi wanaichukia dona kwa sababu wamelishwa mbichi. Inataka maji zaidi kidogo, na kabla ya kusonga ule uji wake wa awali uchemke dakika kumi kamili. Ukishasonga, punguza moto, funika dakika tano, kisha geuza. Wiki ya kwanza changanya nusu kwa nusu na sembe, ya pili robo tatu dona; wiki hizo faida ya unga itachelewa kidogo, kwa sababu bado unanunua sembe. Ukiona makapi yanakera, pitisha kwenye chekeche ya matundu makubwa, lakini usichekeche mpaka ikawa sembe, maana utakuwa umetupa ulichokilipia: nyuzinyuzi, vitamini B na madini. Nyuzinyuzi hizo ndizo zitakazosogeza ile njaa ya saa kumi.

Wiki ya pili kibubu kina 6,720 nyingine. Nunua lita ya mafuta kwa 6,000. Kwa kipimo chako cha mililita 50 mara mbili kwa siku inakwenda siku kumi, na katika siku hizo ungelipa 8,000. Faida mia mbili kwa siku. Mimina kwenye chupa ndogo ya nusu lita na uinyime jiko ile kubwa, kwa sababu mafuta yakiwa mengi mkono nao unakuwa mwepesi. Hapo ndipo kununua kwa jumla kunakowaangusha wengi: wanapata bei nzuri, kisha wanakula cha siku kumi kwa siku sita. Sukari na mchele viache vya kupima kwa sasa. Tofauti ya bei ni ndogo, na mchele wa kilo tano ndani ya nyumba yenye watoto hauchelewi kuisha.

Kuanzia wiki ya tatu una 960 ya asubuhi, 600 ya unga na 200 ya mafuta, jumla 1,760 kwa siku. Ongeza ile mia tano ya dagaa. Kwa wiki ni kama 15,800, na hii sasa ndiyo pesa ya mboga yenye nguvu.

Tuanze na nyama, maana ndiyo inayokukopesha. Chukua 3,000 ileile uitembeze sokoni. Nyama robo ina protini kama gramu 50, pungufu ikiwa na mfupa. Mayai saba ya mia nne yana kama 45. Dagaa wakavu gramu 300, kilo ikiwa 10,000, karibu 150. Maharage kilo moja yana zaidi ya 200. Protini ya maharage peke yake ina pengo, ila ugali au wali unaliziba, ndiyo maana wali maharage si chakula cha unyonge. Damu ya mtoto ni habari nyingine: madini ya chuma ya nyama na samaki mwili unayachukua kirahisi, ya maharage na mchicha kwa shida. Kwa hiyo nyama isiondoke kabisa, lakini Jumapili moja moja chukua maini robo badala ya steki. Mifupa ya supu usiihesabu kama nyama, inatoa ladha na mafuta, protini ni kidogo mno. Vivyo hivyo vile vidonge vya mchuzi ni chumvi.

Wiki yako iwe hivi: maharage au jamii yake mara tatu, gramu 400 kila mara, 3,600. Dagaa mara tatu, gramu 100 kila mara, 3,000. Jumapili nyama au maini, 3,000. Mayai manne, mawili ya mdogo na moja moja kwa wakubwa wake, 1,600. Matunda ya mia tano kila siku, 3,500, ukifuata msimu na si hamu: embe na machungwa yanapojaa, papai na ndizi siku nyingine. Jumla 14,700. Inabaki kama elfu moja ya majani ya chai, chumvi na kiberiti, vile vilivyokuwa vinawala dagaa wako.

Dagaa. Wa Kigoma ni watamu na bei yao mnaijua, wa Mwanza wanakutosha. Kasoro yao ni mchanga, kwa sababu wengi huanikwa chini. Angalia rangi: wawe na mng'ao wa fedha, wakavu, wanavunjika. Waliogeuka njano na kunusa mafuta yaliyochacha waache hata kama muuzaji anaongeza kiganja. Toa vichwa, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika tatu hivi huku ukigeuza, mchanga mwingi utadondoka chini ya kikaango. Kisha waoshe mara mbili kwa maji ya moto haraka haraka, usiwaloweke, wanapoteza ladha na kumeguka. Hapo ndipo vitunguu, nyanya na ndimu. Walio na mifupa yao hivyo hivyo ni kalsiamu ambayo hukuilipia maziwa.

Sasa maharage na mkaa. Lalamiko lako lina haki, maharage makavu yakienda jikoni bila kulowekwa yanakaa saa mbili na zaidi. Loweka jioni gramu 800, za siku mbili, kwenye maji lita mbili na nusu. Asubuhi mwaga maji hayo, sehemu ya kile kinachojaza tumbo gesi huondoka nayo. Tia maji mapya, na yachemke kwa nguvu dakika kumi nzima bila kupunguza moto. Hii si hiari: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko wa nguvu, na moto wa uvuguvugu hauitoi. Baada ya hapo funika, punguza moto, saa moja hadi saa na robo yameiva.

Nyanya na ndimu zisiingie mpaka maharage yamelainika. Uchachu hukaza ganda, na hapo ndipo watu wanapounguza mkaa wa 3,000 wakidhani maharage ni mabovu. Wakati mwingine kweli ni mabovu: yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu hayalainiki hata ufanyeje. Yatambue kwa rangi iliyofifia na ganda lililosinyaa, na ukiloweka usiku kucha mengi hayavimbi. Badilisha duka. Magadi yanalainisha kweli, lakini yanaua vitamini B1, sioni haja yake kama umeloweka.

Ukitaka kupunguza mkaa zaidi, tengeneza kapu. Chukua tenga au boksi kubwa, lijaze vitambaa na nguo kuukuu pande zote na chini, acha shimo la sufuria. Maharage yaliyolowekwa yakichemka kwa nguvu dakika 20, yaingize humo na mfuniko wake, funika juu kwa mto au blanketi, usifungue saa tatu hadi nne. Yakitoka yachemshe tena dakika 15 kabla ya kuyaunga. Linashindwa kwa mambo mawili: sufuria ikiwa nusu tupu joto halikai, na mtu akichungulia. Wape watoto onyo.

Mkaa unaobaki baada ya kupika usiumwagie maji. Ufunike kwenye kopo la bati lenye mfuniko, hewa ikikosekana unazima wenyewe, kesho unawaka. Lakini jiko la makaa na hilo kopo visiingie chumbani mnapolala, hata mvua ikinyesha. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Bila friji, maharage ya siku mbili yanawezekana Dar, ila yawe meupe: hakuna nazi, hakuna nyanya, hakuna kitunguu. Nazi ndiyo inayochachisha. Chota ya leo, yaunge kwenye sufuria nyingine. Yanayobaki yachemshe dakika kumi usiku, funika yakiwa ya moto, usitie tena kijiko. Asubuhi chemsha tena dakika kumi. Mchana wa siku ya pili yaungwe na yaishe. Yakitoa povu au harufu ya uchachu mwaga, usiyachemshe ukidhani umeyaokoa. Wali usilaze kabisa kwa mtoto mdogo. Pika gramu 100 za mchele kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, hapatakuwa na kiporo.

Baba asiyependa maharage mpikie choroko siku moja kati ya hizo tatu. Haihitaji kulowekwa, inaiva dakika 30 hadi 40, na kwa mkaa wako hiyo ni faida nyingine. Siku nyingine kunde au mbaazi za nazi, mradi ziliwe siku ileile. Maharage yenyewe yatakuwa yamerudi mara moja kwa wiki, na wiki uliyopika ya siku mbili yachukue nafasi ya kunde, mara ya pili yaponde na viazi.

Mboga za majani umezipangia vizuri, sigusi zile 600. Ila osha kabla ya kukata, usikamue, pika dakika tano hadi saba na mafuta kidogo, usimwage maji yake. Na hiyo matembele unayonunua usitupe vikonyo. Kata urefu wa kiganja na nusu, toa majani ya chini, fukia vifundo viwili au vitatu kwenye gunia la udongo uliochanganywa na samadi, mwagilia kila jioni. Baada ya wiki tano au sita unaanza kuchuma, na kila ukichuma ncha linatoa matawi. Magunia mawili kwenye kona ya uwanja, kama mwenye nyumba ameridhia, yanakuondolea fungu moja kwa siku. Nyanya, zikipanda bei wakati wa mvua, nenda gengeni jioni uulize zilizolegea, zile wanazoita masalo, uzipike siku hiyohiyo ziwe rojo zito lenye chumvi. Zinakaa mpaka kesho yake.

Kitu kimoja kinachokula damu ya nyumba nzima, na kukiacha hakuna gharama: chai wakati wa chakula. Chai ya majani huzuia mwili kuchukua madini ya chuma. Isogezeni saa moja baada ya kula, na juu ya maharage au mchicha kamua ndimu mezani, au watoto wale chungwa papo hapo, vitamini C inafanya kinyume chake. Mdogo asipewe chai kabisa.

Huyu mdogo nimemwacha mwisho kwa sababu hatapona kwa kuongezewa ugali. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo apate milo mitatu na vitu viwili katikati, kwenye sahani yake mwenyewe na mtu akimsimamia. Akila sinia moja na wenye miaka 11 na 7 hamjui kala nini. Uji wake mchotee kabla hujaongeza maji ya wengine, uwe mzito wa kushuka polepole kwenye kijiko, tia kijiko cha chai cha mafuta na karanga zilizopondwa laini. Karanga nzima zinapalia, asipewe. Dagaa wachache kati ya wale gramu 100 wakaange mpaka wakauke, wapondwe wawe unga, kijiko kimoja cha chakula kwenye mboga yake kila siku, hata siku ya maharage. Dawa ya damu aliyopewa aimalize, na mpe na chungwa, si na maziwa wala chai.

Uzito uliosimama miezi miwili si wa chakula peke yake. Minyoo, homa za mara kwa mara au kuharisha vinaweza kuwa nyuma yake, kwa hiyo mrudishe kliniki mwezi huu na kadi yake, uwaulize kama amepata dawa ya minyoo na matone ya vitamini A. Kwa watoto wa umri wake hutolewa mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Ukiona anavimba miguu, anakataa kula kabisa au amelegea, usisubiri tarehe.

Siku ya elfu saba, kata kwa mpangilio huu: mchele kwanza, jioni iwe ugali. Kisha matunda ya kununua na nusu ya nyanya. Ile 960 ya kibubu irukwe siku hiyo. Usikate dagaa, majani wala uji wa mdogo. Mtu akipungukiwa hukimbilia kukata mboga na kubaki na unga, kwa sababu unga unashibisha haraka.

Anza kesho na uji. Mahindi subiri mpaka kibubu kifike 6,600, hata kama jirani ana nafasi ya kugawana nawe gunia wiki hii.